Utafiti wa afya shuleni: depyuti ataka namba za wanafunzi kwenye hojaji, nifanyeje?

nesi_wa_tudor

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu manake nimekwama na sapavaiza wangu yuko Nairobi, kumpata kwa simu ni bahati.

Mimi ni nesi, sai nafanya masta ya afya ya jamii. Utafiti wangu ni wa wanafunzi wa sekondari, fom three na fom four, shule moja ya kutwa huku Kisauni na nyengine ya bweni. Nauliza mambo ya muguka (yale majani ya kutafuna, jamii ya miraa), bangi na sigara, halafu hali ya moyo yaani huzuni, kukosa usingizi, kufikiria kujidhuru, na kwa wasichana kuna maswali ya hedhi na siku wanazokosa shule kwa sababu yake. Kamati ya maadili ilishapitisha, leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, ninayo, barua ya ofisi ya elimu ya kaunti ninayo, na kwenye makaratasi yote hayo nilisema hojaji haitakuwa na jina wala admisheni namba.

Sasa juzi nimeenda kupanga tarehe, depyuti, yaani naibu wa mwalimu mkuu, wa ile shule ya kutwa ananiambia karibu sana lakini kila mtoto aandike admisheni namba yake juu ya karatasi. Asema yeye ashaona watoto wazuri wakiacha masomo kwa ajili ya muguka, kwa hivo akijua ni nani na nani ataita wazazi mapema, bila namba hizi karatasi zitamsaidia nini yeye. Halafu akaongeza mambo mawili: kwamba fomu za wazazi sina haja nazo kwa sababu mzazi akileta mtoto fom one alishatia sahihi kukubali "shughuli zote za shule", na kwamba afadhali tutumie Google Forms kwenye maabara ya kompyuta, mwalimu wa kompyuta atasimamia, watoto wana emeli za shule, itaisha kipindi kimoja.

Depyuti si mtu mbaya, nataka mjue hivo. Awapenda wale watoto. Na kuna kitu kimoja chanisumbua ambacho chamuunga mkono kidogo: mtoto akiandika kwamba anafikiria kujiua, na mimi sina jina lake, ntafanya nini? Nitaketi na ile karatasi Tudor usiku nikiitazama tu? Mimi ni nesi kabla sijakuwa mtafiti.

Nisaidieni.

---

mwalimu_wa_zamu

Madam nesi, mimi ni mwalimu na niko upande wa depyuti, sitaficha. Nyinyi watafiti mwaja mwachukua majibu mwaenda zenu, mwapata digrii, sisi twabaki na watoto wale wale. Mwaka 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka Mombasa, mahakama ikasimamisha ile amri, wanasheria wakabishana, na darasani kwangu mtoto alolala dawatini saa nne asubuhi akaendelea kulala. Nishajaza hojaji na kusimamia hojaji nyingi na sijawahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja wa matokeo. Sasa mwenye kulea akiomba ajue nani yuko taabani aonekana ndiye mkosaji?

Hayo ya emeli na fomu ya wazazi siyajui sana, waje wanaojua sheria. Lakini hilo la majina mimi naona depyuti ana hoja.

---

mtafiti_pwani

Dadangu nesi, nimewahi kukaa kwenye kamati ya maadili kwa miaka kadhaa, ntakujibu kwa urefu kidogo uvumilie.

La kwanza kabisa, hata ukitaka kumkubalia depyuti huwezi. Kamati ilipitisha hojaji isiyo na namba. Ukiongeza namba hata moja ule si utafiti uliopitishwa tena, lazima uandike ombi la mabadiliko, ulirudishe kwa kamati, usubiri. Kwa hivo una jibu la heshima la kumpa depyuti: "Mwalimu, mkono wangu umefungwa na kibali". Mara nyingi hilo hutosha kupoza mambo bila mtu kuona amepingwa ofisini kwake.

La pili, sheria. Ile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kama data nyeti. Kifungu cha 33 kinasema data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na iwe kwa maslahi ya mtoto. Na idhini yenyewe imeelezwa vizuri mwanzoni mwa sheria, iwe wazi, ya hiari, ya jambo maalum, na mtu awe ameelezwa akaelewa. Sasa sahihi ya fom one ya "shughuli zote za shule" ni ya jambo gani maalum? Mzazi alipotia ile sahihi alikuwa na kapu la sabuni na godoro mkononi, alijua mwanawe ataulizwa kuhusu kujidhuru? Hakujua. Na kifungu cha 32 kinasema mwenye kukusanya ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa, yaani mzigo ni wako dadangu, si wa depyuti. Pia kunyamaza si kukubali, kwa hivo ile njia ya "mzazi asiporudisha fomu tumechukulia amekubali" usiifuate.

Kuna watu watakwambia utafiti umesamehewa. Kifungu cha 53 chatoa nafasi kweli kwa utafiti na takwimu, lakini kwa sharti kwamba matokeo hayatoki kwa namna ya kumtambulisha mtu. Karatasi yenye admisheni namba inayoishia kwenye droo ya depyuti si takwimu, hiyo ni orodha.

Na hapo kwenye orodha ndipo nataka mwalimu_wa_zamu anisikize, kwa heshima zote mwalimu wangu. Februari 2015 serikali ilitoa agizo kwa makamishna wa kaunti zote wakusanye orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyosemwa ilikuwa nzuri, kupanga huduma na dawa ziwafikie. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema lile agizo lavunja katiba, ibara ya 31 ya faragha na ibara ya 53 ya maslahi ya mtoto, na ikaamuru yale yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa namna ambayo jina haliwezi kuunganishwa na hali ya mtu. Tazama vile jambo lenyewe lilivyo karibu na hili letu: watoto, shule, afya, majina, na mkubwa mwenye nia ya kusaidia. Nia haikuwa kinga.

Prinsipali na depyuti kazi yao ni kukufungulia geti. Idhini ya mzazi hawawezi kuitoa wao, na kukubali kwa mtoto hawawezi kukutoa wao. Manake mtoto naye lazima aulizwe, hata kama babake ametia sahihi, akisema sitaki basi. Na kumbuka fom four wengine washatimiza miaka 18, hao hujitilia sahihi wenyewe.

---

mama_mtongwe

Mimi si msomi wa hayo mambo yenu lakini ni mzazi na nimesoma mpaka hapa nimeshindwa kupita kimya.

Binti yangu alikuwa shule fulani, sitaitaja. Walikuja watu na makaratasi ya maswali ya afya, wakaambiwa watoto msiogope ni siri. Karatasi zikakusanywa na mwalimu wa darasa safu kwa safu. Mwanangu aliandika kwamba nyumbani kuna mtu humtia hofu. Haukupita muda nikaitwa, si mimi tu, yule mtu mwenyewe naye aliitwa kama mlezi, tukaketishwa sote mbele ya meza na yule mtoto katikati, mwalimu asoma. Wallahi mwanangu aliniangalia vile sitasahau. Sikulaumu kwamba walitaka kusaidia. Lakini yule mtoto tangu siku ile hakumwambia mtu mzima yeyote wa shule kitu chochote, hata kichwa kikimuuma hasemi, na sisi ilitubidi kumhamisha upande wa pili kwa dadangu Changamwe.

Kwa hivo mwalimu, najua wataka kusaidia. Mtoto akiambiwa ni siri na isiwe siri, huyo mtu humpati tena. Na wenzake wote wamtazama wajifunza.

Swali langu kwa wewe nesi mwanangu, hiyo fomu ya wazazi itaandikwaje? Manake sisi wengine twaletewa makaratasi ya kiingereza kurasa nne, twatia sahihi tu mtoto asichelewe feri.

---

kaka_data

Pole sana mama Mtongwe.

Mimi nafanya kazi na data kila siku, ntaongea upande huo. Dada nesi hata ukitoa jina na admisheni namba hujamaliza. Chukua mstari mmoja wa data yako utakavyokuwa kwenye Excel:

mvulana, miaka 19, fom three, aishi Mtongwe, mlezi ni nyanya, ametumia bangi mwezi huu: ndio

Shule yako iko Kisauni. Ni wanafunzi wangapi wa fom three wa shule ya kutwa ya Kisauni wanaovuka feri kila asubuhi kutoka Mtongwe, wana miaka 19, na walelewa na nyanya? Mmoja. Mwalimu wa darasa atamjua kabla hajamaliza kusoma mstari. Huna jina lakini umemtaja. Na bangi ni kosa kisheria, kwa hivo ule mstari ni kama kukiri.

Hili si la kubuni, kuna mtafiti Marekani aitwa Latanya Sweeney, alionyesha mwaka 2000 kwamba kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta tu, asilimia 87 ya watu wa nchi ile wangeweza kutambulika mmoja mmoja. Vitu vitatu tu ambavyo kila kimoja peke yake hakionekani kuwa siri. Sasa yeye alizungumzia nchi nzima, wewe una madarasa manne.

Kwa hivo pitia hojaji swali kwa swali ujiulize hili jibu nitalifanyia nini. Mtaa wanaoishi wauhitaji kweli? Kama wataka kulinganisha kisiwani na bara uliza hivo tu, kisiwani au nje ya kisiwa. Umri weka makundi, 15 hadi 16, 17 hadi 18, zaidi ya 18. Kabila na dini kama hazimo kwenye malengo yako toa kabisa, nishaona watu waziweka kwa mazoea tu, na kabila lenyewe sheria yalihesabu data nyeti. Na ukiandika matokeo usichapishe jedwali lenye kisanduku cha watu 1 au 2. Wengi huweka mpaka wa 5, wengine 10, chini ya hapo unganisha makundi.

Google Forms na emeli za shule: hapana. Ikiwekwa vibaya yachukua emeli ya kila mtu, na hata isipochukua, mtoto ameingia kwa akaunti ya shule kwenye kompyuta ya shule na mwalimu yuko nyuma yake, skrini zote zatazamana. Halafu data nyeti ikienda kuhifadhiwa nje ya Kenya kifungu cha 49 chataka idhini ya mwenyewe na uhakika wa ulinzi huko iendako. Karatasi kwako ndio salama. Kama lazima iwe ya kidijitali kuna KoboToolbox, yafanya kazi bila intaneti na fomu yaweza kufungwa kwa ufunguo, lakini utahitaji tableti zako mwenyewe si za shule.

Na tafadhali, hii wengi hawaifikirii: usipige picha hojaji kwa simu ukamtumia msaidizi wako WhatsApp aanze kuingiza data. Ile picha itaingia kwenye galari ya simu yake, kwenye bakapu, na simu yenyewe akiibiwa pale Kongowea ndio basi. Laptopu iwe na pasiwadi na diski ifungwe, fleshi zisitembee mifukoni. Data ya watu ikivuja sheria yataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya masaa 72. Na si sheria ya kabatini, 2023 shule moja Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Picha tu hizo, si majibu ya kujiua.

---

nesi_wa_tudor

Mama Mtongwe nimesoma yako mara mbili. Ahsante kwa kusema, najua si rahisi.

Kaka, mtaa natoa leo, nilikuwa nimeweka orodha ya mitaa 14 na kweli hakuna lengo hata moja linaloihitaji. Swali: karatasi zenyewe zitakusanywaje ili isiwe kama ya binti wa mama Mtongwe, safu kwa safu? Na nikikaa mimi mbele, nitajuaje aliyeletewa idhini na asiyeletewa bila kuandika namba kwenye hojaji?

---

kaka_data

Tenganisha mlango na karatasi. Mlangoni una orodha ya walioleta idhini, unaweka tiki kwa jina, mtoto aingia. Ndani kuna rundo la hojaji zote sawasawa, hazina alama yoyote, kila mmoja ajichukulia mwenyewe kutoka popote kwenye rundo. Ile orodha ya tiki na zile fomu za idhini zaenda bahasha moja, kabati moja, hojaji kabati nyengine, na hakuna chochote kinachounganisha hizo mbili. Wasioleta idhini wasiachwe wamesimama nje wakaonekana, panga wawe na kipindi cha maktaba wakati ule ule.

Mkae kama mtihani, dawati moja mtoto mmoja, walimu wote nje, hata yule mzuri. Mwisho waweka wenyewe kwenye sanduku lenye tundu kama la kura, si kukusanywa, na ukifungua sanduku changanya kwanza.

Halafu angalia hojaji yako kama ina "kama hapana ruka hadi swali la 25". Toa. Anayeruka amaliza haraka na ageuza kurasa mbili mbili, mwenzake wa pembeni aona ni nani alosema ndio na nani alosema hapana. Ule utafiti wa tabia za afya za wanafunzi wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, uitwao YRBS, ambao wafanywa tangu 1991, hauna maswali ya kuruka kwa sababu hiyo, kila mtu ajibu kila swali na jibu la "sijawahi kutumia" liwepo.

Kwa lile swali la bangi, kama wataka ulinzi zaidi kuna njia ya sarafu, wazo lake lilianza na Stanley Warner 1965, hii ni namna nyepesi iliyokuja baadaye. Kila mtoto ana shilingi yake, airusha chini ya dawati, hakuna anayeona. Ikitoka kichwa aandika ndio, hata kama hajawahi kuiona bangi. Ikitoka upande wa pili aandika ukweli. Sasa tuseme una wanafunzi 200 na 130 wameandika ndio. Kama 100 wameandika kwa sababu ya sarafu tu. Waliobaki 100 walosema ukweli ni 30 ndio walosema ndio, kwa hivo makadirio yako ni asilimia 30. Na hata depyuti akiishika ile karatasi mkononi na amjua mwenyewe kwa mwandiko, ile "ndio" haimthibitishii kitu. Gharama yake ni kwamba makadirio yayumba zaidi, wahitaji watoto wengi, na lazima uwafanyie mfano kwanza kwa swali la mchezo waelewe. Na iende kwa kamati pia kama badiliko.

---

mwalimu_wa_zamu

Hili la sarafu nimelipenda, wallahi sikuwahi kulisikia.

Mama Mtongwe, samahani kwa yaliyompata binti yako. Mimi pia nimewahi kuona kikao kama hicho, na sikukipenda hata wakati ule. Kwa hivo la majina naliachia hapo. Lakini langu la pili sijajibiwa na nalisisitiza, matokeo yarudi shuleni. Si majina, matokeo. Nikiambiwa kati ya fom three wangapi hulala chini ya masaa sita, wangapi hukosa shule kwa kukosa pedi, mimi naweza kwenda kwa bodi na ile karatasi nikaomba pedi na nikaomba kaunsela. Sai naenda na maneno matupu. Hilo nalo ni maadili, mtu kuchukua bila kurudisha.

---

mtafiti_pwani

Mwalimu una haki kabisa na kamati nyingi huuliza hilo. Dada nesi, ahidi kwa maandishi: ripoti ya kurasa mbili kwa kila shule, kwa Kiswahili au kiingereza chepesi, na kikao kimoja na walimu. Lakini shule zako ni mbili tu, kwa hivo ripoti ya shule A usiipeleke shule B, na kwenye tasnifu usizitaje kwa majina. Utafiti wa afya ukitangaza shule fulani inaongoza kwa muguka umewapaka tope watoto wote wa pale, hata ambao hawajaugusa.

---

kaunsela_mvita

Nimechelewa kuona huu uzi, na naona swali lililomkosesha nesi usingizi bado halijajibiwa, la mtoto anayetaka kujidhuru. Mimi ni kaunsela wa vijana, acha niseme tunavyofanya.

Kila mtoto apewa karatasi mbili. Moja ni hojaji, haina jina. Ya pili ni kipande kidogo, kimeandikwa tu: "Nataka kuongea na mtu" na "Kwa sasa hapana", na mstari wa jina na darasa kwa anayetaka. Kila mmoja aweka tiki mahali pamoja, akunja, aweka kwenye bahasha ndogo. Wote wakunja, wote waweka, kwa hivo hakuna anayeonekana ameinuka peke yake. Zile bahasha hazifunguliwi na mwalimu wala na wewe mtafiti, zafunguliwa na kaunsela siku ile ile kabla hajaondoka pale shuleni. Siku ile ile, si wiki ijayo. Hapo mtoto mwenyewe ndiye aliyechagua kutoa jina lake, kwa jambo moja, kwa mtu mmoja. Hiyo ndio tofauti na namba ya depyuti, ambayo inachukuliwa kwa wote wapende wasipende.

Kwa hivo kabla hujaenda uwe na kaunsela aliyekubali kuwepo, na ujue utampeleka wapi mtoto wa hali mbaya jioni ile. Kama hujampata, lile swali la kujidhuru liondoe mpaka umpate, usimfungue mtu kidonda halafu ukaondoka. Na kila mtoto, hata asiyeomba kuongea, aondoke na karatasi yenye namba 116 ya msaada wa watoto, ni bure, na 1195 kwa mambo ya ukatili wa kijinsia. Wape wote ili aliye nayo mfukoni asiulizwe kwa nini.

Kuhusu kujiua lazima pia muelewe kwa nini watoto huogopa kuandika. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwenye sheria yetu, kifungu cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kile kifungu chapingana na katiba. Watu wengi mtaani hawajajua, bado mtoto adhani akisema atapelekwa polisi. Waelezeni mwanzoni kwa maneno mepesi kwamba kuomba msaada si kosa.

Na moja gumu. Usiwaahidi siri isiyo na mwisho. Karatasi ni siri, ndio. Lakini mtoto akija mbele yako akasema kwa mdomo kwamba kuna mtu amuumiza, huwezi kunyamaza, utachukua hatua. Hilo liandikwe kwenye fomu ya mzazi na lisomwe kwa sauti kwa watoto kabla hawajaanza, wajue mstari uko wapi. Na hatua yenyewe isiwe ile ya kumwita mtuhumiwa kwenye meza moja na mtoto. Mama Mtongwe, kile walichokifanya hakikutakiwa kufanywa kabisa, mtoto asikizwa peke yake kwanza, na anayetajwa hakaribii. Kama binti yako bado hasemi na mtu, milango yetu iko wazi, hata ukija wewe peke yako kwanza.

---

nesi_wa_tudor

Jamani Mungu awalipe. Kesho naandika ombi la mabadiliko kwa kamati: mtaa natoa, umri makundi, maswali ya kuruka natoa, kipande cha kuomba kuongea naongeza, na sarafu kwa lile swali la bangi peke yake. Kaunsela_mvita nimekuandikia inboksi. Depyuti nitamuona Alhamisi, nitamwambia ukweli kwamba namba haziwezekani, na nitampelekea barua ya ahadi ya matokeo kama alivyosema mwalimu, nadhani hilo ndilo alilokuwa akilitafuta hasa.

Mama Mtongwe uliniuliza fomu ya wazazi, ilikuwa ya kiingereza kurasa tatu. Nimeanza kuiandika upya kwa Kiswahili cha huku, ukurasa mmoja: nauliza nini, kwa nini, hakuna jina, nani ataona, mtoto aweza kukataa au kuacha katikati bila adhabu, siri inaishia wapi, namba yangu na ya kamati kama kuna malalamiko. Itarudi kwa kamati pamoja na hayo mengine.

---

mama_mtongwe

Kaunsela nimeona ujumbe wako, ntakutafuta.

Nesi mwanangu, hiyo fomu nitumie kabla hujaipeleka kwa kamati. Jumamosi alasiri tuna chama hapa kwangu, kina mama kama kumi na kitu hivi, wengine hawasomi. Ntaisoma kwa sauti, halafu ntawauliza wameelewa nini, si wameelewa. Pale watakapojibu vengine ntaweka alama nikurudishie.